Kamera za mkanda na lenzi zake: je, mpya inaishinda ya zamani?

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Ilomba na Uyole hadi Tukuyu, Makambako na Iringa, bado ipo kamera ya mkanda iliyofungiwa kabatini au kwenye sanduku la nguo. Ni Yashica, Zenit, Pentax au Nikon ya mzee aliyekuwa akipiga picha za harusi, ubatizo na mahafali. Mwenyewe amezeeka au ameshatutoka, na kijana wa nyumba hiyo anajiuliza: kitu hiki bado kina kazi, au nikiuze kwa bei ya vipuri? Mwingine ana fedha za mahindi au viazi mkononi, na kila anayemuuliza anamwambia kwamba bila kamera mpya na lenzi mpya hawezi kupiga picha ya maana.

Ndugu msikilizaji na msomaji wetu, katika makala hii tunaeleza kilichobadilika kweli katika kamera na lenzi hizi, kisichobadilika, na namna ya kukagua kamera ya zamani kabla hujatoa au kupokea hela.

Jibu fupi ni hili. Kwa kamera ya mkanda, umri wa kamera yenyewe hauonekani sana kwenye picha. Kamera za baadaye zilileta urahisi na kasi. Lenzi za baadaye zilileta maboresho ya kweli, lakini katika mambo machache yanayoweza kutajwa kwa majina. Picha inabadilika zaidi kwa sababu ya filamu, mwanga, usafi wa lenzi na mkono wa mpigaji.

Kamera ya mkanda ni nini hasa

Kamera ya mkanda ni sanduku la giza. Kazi zake ni nne tu: kuzuia mwanga usiingie ovyo, kushika filamu ikae imenyooka, kushika lenzi mahali pake, na kufungua shata, yaani pazia la ndani, kwa muda uliopangwa. Lenzi ndiyo inayochora picha, na filamu ndiyo inayoipokea. Sanduku halichori kitu.

Kwa hiyo, ukichukua kamera iliyotengenezwa mwaka 1965 na kuiwekea rola jipya la leo, utapata picha yenye ubora wa filamu ya leo. Mfano ni filamu ya Kodak Tri-X, ambayo katika ukubwa wa kawaida wa milimita 35 ilianza kuuzwa mwaka 1954. Jina limebaki, lakini imeboreshwa mara kadhaa. Kamera iliyonunuliwa zamani ilinufaika na kila boresho hilo bila mwenyewe kununua kamera nyingine.

Kamera ya dijitali ni jambo tofauti. Humo kipokea mwanga, yaani sensa, kimefungwa ndani ya kamera moja kwa moja. Sensa ikipitwa na wakati, imepitwa pamoja na kamera yote. Ndiyo maana mtu aliyezoea dijitali anaamini kwamba mpya lazima iwe bora. Kwa dijitali ana sababu. Kwa mkanda hoja hiyo haihami pamoja naye.

Kamera za baadaye zilileta nini

Nikon F ilitoka mwaka 1959. Kila kitu kilifanywa kwa mkono: kusogeza filamu, kuweka fokasi, kupanga mwanga. Pentax K1000 ilitoka mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1997, miaka 21, bila mabadiliko makubwa. Kiwanda hakikuona haja ya kuibadilisha kwa sababu wanunuzi, hasa wanafunzi wa upigaji picha, walipata humo walichohitaji.

Mwaka 1977 Konica ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza sokoni iliyojiwekea fokasi yenyewe. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikaleta urahisi huo kwenye kamera za kubadilisha lenzi, ikiwa na mota ya kusogeza filamu ndani yake. Mwaka 2004 Nikon ilitoa F6, kamera yake kubwa ya mwisho ya mkanda, yenye shata inayofika sekunde 1 ya 8,000.

Hatua zote hizi zilimsaidia mpigaji asikose tukio. Anayepiga mpira pale Uwanja wa Sokoine anafaidika na kamera inayofuata mchezaji yenyewe. Lakini anayepiga familia iliyosimama mbele ya nyumba, au mzee aliyekaa kwenye kigoda, hapati picha bora kwa sababu tu kamera imejiwekea fokasi. Wamekaa. Wanamsubiri.

Boresho moja la kweli: flashi mchana wa jua

Lipo jambo moja ambalo kamera ya baadaye huisaidia picha yenyewe, nalo linawahusu sana wapiga picha wetu wa harusi.

Saa saba mchana jua likiwa utosini, uso wa bibi harusi hujaa vivuli machoni na chini ya kidevu. Dawa yake ni kupiga flashi mchana ili kujaza vivuli hivyo. Lakini shata za zamani haziwezi kwenda na flashi kwa kasi kubwa. Pentax K1000 mwisho wake na flashi ni sekunde 1 ya 60. Nikon FM2, iliyotoka mwaka 1982 na kuboreshwa miaka michache baadaye, inafika sekunde 1 ya 250.

Tuweke hesabu. Kwa filamu ya ASA 100 kwenye jua kali, K1000 italazimika kubana tundu la lenzi hadi f/22. Flashi ndogo yenye namba ya nguvu 20 itafika chini ya mita 1 tu. FM2 itatumia f/11, na flashi ileile itafika karibu mita 2. Mita 1 hiyo ndiyo tofauti kati ya kupiga uso mmoja na kupiga maharusi wote wawili. Hapa kamera ya baadaye imeishinda ya zamani kwa haki kabisa.

Kamera za mkanda zinazotengenezwa leo

Kamera mpya za mkanda bado zinatoka viwandani, ingawa ni chache. Hizi ndizo kipimo kizuri cha swali letu, maana mtengenezaji angeweza kuweka chochote alichojifunza kwa miaka yote.

Mwezi Juni 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa Pentax 17, kwa bei ya takriban dola 500 za Marekani. Ni kamera nzuri na nyepesi. Lakini filamu unaisogeza kwa kidole gumba kama zamani, na umbali wa fokasi unauchagua mwenyewe kwa mkono. Lenzi yake ina vioo vitatu, na mpangilio wake umetokana na lenzi ya kamera ndogo ya Pentax ya miaka ya 1990. Zaidi ya hapo, inapiga nusu fremu: kila picha ina milimita 17 kwa 24, wakati Yashica ya kawaida ya mzee inapiga milimita 24 kwa 36. Faida ni kwamba rola la picha 36 linatoa 72. Hasara ni kwamba negativu ni ndogo kwa nusu, na ukiikuza sana chembechembe huonekana mapema. Kwa picha kubwa ya kutundika ukutani, kamera ya zamani iliyo nzima ina nafasi nzuri zaidi.

Mwaka 2022 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilirudisha sokoni Leica M6, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Bei ilizidi dola 5,000. Waliboresha kidirisha cha kuchungulia ili kisipofushwe na jua, wakabadili metali ya kifuniko cha juu, na wakaongeza taa ya kuonya betri ikiisha. Shata na mwendo wake ni vilevile. Miaka 38 ilipita, na kiwanda chenyewe kikaona kamera ile ilikuwa imeshakamilika.

Lenzi: hapa kuna mabadiliko ya kweli

Upande wa lenzi jibu ni tofauti kidogo. Tuyataje maboresho moja baada ya jingine.

La kwanza ni utando juu ya kioo. Kioo kisicho na utando hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga kila unapoingia au kutoka. Lenzi yenye nyuso 10 za kioo hupoteza hivyo karibu theluthi moja ya mwanga. Tena mwanga huo hautoweki. Hudundadunda ndani ya lenzi na kuifanya picha ionekane kama imefunikwa na ukungu. Mwaka 1935 mtaalamu Olexander Smakula wa Carl Zeiss alibuni utando mwembamba wa kupunguza hasara hiyo. Mwaka 1971 Pentax ikaanza kuuza lenzi zenye tabaka kadhaa za utando. Ukipiga picha ukielekea jua, au mbele ya taa za ukumbini, lenzi yenye tabaka nyingi inaonyesha ubora wake waziwazi. Utando wenye rangi za kijani na zambarau kwenye kioo ndiyo alama unayoweza kuitambua mwenyewe.

La pili ni zumu, lenzi inayovuta karibu na kurudisha mbali. Zumu ya kwanza ya kamera za picha za milimita 35 ilikuwa Zoomar ya Voigtländer ya mwaka 1959. Za mwanzo zilikuwa nzito na picha zake laini pembeni. Zumu za miaka ya 1990 na kuendelea ni bora zaidi. Ukiletewa zumu ya zamani na zumu ya karibuni, chukua ya karibuni.

La tatu ni lenzi za tundu kubwa zinazotumika kwenye mwanga hafifu, kama ndani ya kanisa jioni. Vioo vya maumbo magumu vilivyokuwa ghali kusaga zamani, sasa viwanda vinavitengeneza kwa urahisi. Matokeo yake, lenzi za karibuni zina ukali mzuri hata tundu likiwa wazi kabisa. Za zamani zikifunguliwa hivyo hulegea pembeni.

La nne ni kupunguza mtikisiko wa mkono. Canon ilileta lenzi ya namna hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995.

Sasa upande wa pili. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, isiyo zumu, ilikuwa imeshafika mbali zamani sana. Mpangilio wa vioo vinne uitwao Tessar ulibuniwa na Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1902, na Yashica ilikuwa bado inauuza kwenye kamera zake ndogo miaka ya 1990. Ukibana tundu hadi f/8, jambo ambalo jua letu linakuruhusu karibu kila siku, ni vigumu sana kutofautisha picha ya lenzi ya mwaka 1970 na ya mwaka 2000 kwenye picha ya ukubwa wa albamu. Tofauti kubwa za lenzi zipo gizani na mbele ya mwanga mkali.

Ukubwa wa filamu unaushinda umri wa kamera

Kuna wazee waliokuwa na kamera za kuchungulia kwa juu, zenye lenzi mbili zilizopangana. Yashica-Mat 124G, iliyotoka mwaka 1970, ni mojawapo. Filamu yake ni pana, na kila picha ina takriban milimita 56 kwa 56. Ukipiga hesabu ya eneo, negativu hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya negativu ya milimita 35. Hakuna kamera ndogo ya mkanda, hata iwe mpya kiasi gani, inayoweza kuziba pengo hilo. Ndiyo maana picha za studio za zamani zinaonyesha hata nyuzi za kitambaa cha kitenge.

Ushahidi upo Zanzibar. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. Alipiga picha za masultani, za watu wa kawaida waliofika studio wamevaa vizuri, na za mitaa ya Mji Mkongwe. Picha hizo zimeendelea kuchapishwa na kununuliwa miongo mingi baadaye. Anayeziangalia anaangalia sura, mavazi na milango. Hasumbuki na mwaka wa kamera.

Ngozi zetu na filamu zao

Kuna suala jingine ambalo wengi walilisingizia kamera kumbe kosa lilikuwa kwenye filamu na maabara. Kwa miaka mingi mashine za kuchapisha picha za rangi zilirekebishwa kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi zikikaa vizuri kwenye uso wake, mashine ilihesabiwa iko sawa. Watu weusi wakatoka na nyuso zilizozama gizani, meno na macho tu yakionekana. Miaka ya 1990 kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikaanza kutumika, na filamu zenyewe zikaboreshwa katika kuonyesha rangi za kahawia na nyeusi.

Hapa kilicho kipya kimeshinda, lakini kimeshinda kupitia filamu. Kamera ya zamani ikiwekewa filamu hiyo iliyoboreshwa hupata faida ileile.

Kuna mtego mmoja uliobaki kwa kamera zote, mpya na za zamani. Kipimamwanga cha kamera kinadhani kila kinachokiona ni kijivu. Kikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu kinapunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi unazama. Pima mwanga kwenye uso, sio kwenye gauni. Kama gauni limetawala fremu, ongeza mwanga kwa hatua moja.

Mpigaji ana uzito gani

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza utotoni na Box Brownie iliyotumika, sanduku lenye lenzi rahisi kabisa. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 1984 yeye na Michael Buerk wa BBC walifika Korem na Mekele, Ethiopia, na picha zake za video za watu waliokuwa wakifa kwa njaa zikatikisa dunia. Wengine walikuwa na vifaa kama vyake. Yeye alihangaika kupata kibali cha kufika kule, akafika, na alijua aelekeze wapi kamera.

Na kamera za sinema?

Kwa kamera za filamu za sinema, hoja ni ileile pamoja na jambo moja la ziada, yaani sauti. Bolex H16, iliyoanza kutengenezwa Uswisi mwaka 1935, huendeshwa kwa springi inayojazwa kwa mkono, na ikijazwa hupiga karibu nusu dakika tu. Tena inanguruma, hivyo kurekodi mazungumzo karibu yake ni taabu. Kamera za miaka ya 1960 na 1970, kama zile za Arriflex zilizotengenezwa zikiwa kimya, ziliwezesha mwigizaji kuongea na kurekodiwa palepale. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, wakati ambapo mabadiliko hayo yalikuwa yanaendelea duniani. Kwa sauti, kamera ya baadaye ilishinda wazi. Kwa picha yenyewe, Bolex ikiwekewa filamu ya Kodak ya leo inatoa picha ya leo.

Namna ya kukagua kamera ya zamani

Kwa kuwa umri si tatizo, tatizo ni hali. Kamera ya zamani inaweza kuwa nzima kabisa au imekufa, na kwa nje zikafanana. Kabla hujanunua Mwanjelwa au popote, fanya haya:

1. Fungua mgongo wa kamera, ondoa lenzi kama inatoka, kisha bonyeza shata kwa kasi tofauti huku ukitazama dirishani. Sekunde 1 isikike kama sekunde 1 kweli. Pazia likikwama katikati, fundi anahitajika.

2. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Vumbi kidogo halina madhara.

3. Chezesha tundu la lenzi. Vibamba vyake viwe vikavu na vifunge haraka. Vikiwa na mafuta vitachelewa, na picha zitaungua kwa mwanga.

4. Gusa sponji nyeusi kwenye kingo za mlango wa nyuma. Ikinata au kumomonyoka kama majivu, mwanga utapenya. Hii ni kazi ndogo kwa fundi, hivyo itumie kupunguza bei.

5. Uliza betri. Baadhi ya kamera za miaka ya 1960 na 1970, ikiwemo Yashica-Mat 124G, zilitumia betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 kipimamwanga kinaweza kudanganya. Pentax K1000 na Nikon FM2 zinapiga hata bila betri. Kinachozimika ni kipimamwanga tu.

6. Angalia mdomo wa kamera, yaani pale lenzi inapofungwa. Canon ilibadili mdomo mwaka 1987, na lenzi zake za kabla ya hapo haziingii kwenye kamera zilizofuata. Nikon ilibaki na mdomo wa mwaka 1959, ingawa lenzi za kabla ya mwaka 1977 huhitaji kurekebishwa ili zikae kwenye kamera nyingi za baadaye.

Kipimamwanga kikiwa kimekufa, usikate tamaa. Zipo programu za simu za bure zinazopima mwanga. Na kwenye jua kali ipo kanuni ya zamani: weka tundu f/16, na kasi ya shata iwe karibu na namba ya filamu. Kwa ASA 100 weka 1/125, kwa ASA 200 weka 1/250, kwa ASA 400 weka 1/500.

Hali ya hewa ya kwetu ndiyo adui

Tukuyu na milima ya Rungwe hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Unyevu huo ukiingia kwenye lenzi iliyofungiwa gizani, fangasi huota, na ukiuacha hula utando na hatimaye kioo. Usihifadhi kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Iweke kwenye ndoo au kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Mara moja kwa mwezi itoe, ipige upepo, uchezeshe shata.

Chunya na Usangu adui ni vumbi. Usibadilishe lenzi barabarani. Usifute kioo kwa pindo la shati. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, halafu tumia kitambaa laini kisafi. Kamera mpya iliyotunzwa vibaya kwa misimu miwili ya mvua itashindwa na Zenit ya mwaka 1975 iliyotunzwa.

Sasa ufanyeje na fedha zako?

Kama unataka kuanza biashara ya picha za harusi na mahafali, tukwambie ukweli. Leo wateja wanataka picha kwenye simu siku hiyohiyo, rola la filamu linapatikana kwa shida, na studio nyingi zilizokuwa zikisafisha mikanda zimeiacha kazi hiyo. Kamera ya mkanda, mpya au ya zamani, haitakulipia mkopo. Nunua ya dijitali iliyotumika, nzima, na fedha inayobaki weka kwenye lenzi nzuri na flashi. Lenzi itakaa nawe muda mrefu kuliko kamera.

Kama unapenda mkanda kwa sanaa au kumbukumbu, kamera ya mzee inakutosha. Mpe fundi aisafishe, nunua rola moja, jifunze nayo. Usiuze ng'ombe kununua kamera mpya ya mkanda ukitegemea picha zitabadilika.

Na kama huna mpango wowote na kamera hiyo, usitupe negativu zilizo kwenye bahasha pembeni yake. Watu wengi hutunza kamera na kuchoma negativu, wakati kamera inaweza kununuliwa tena na sura ya bibi yako haiwezi. Unaweza kuzinakili kwa simu. Chukua simu ya pili, fungua ukurasa mweupe mtupu, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho. Inua negativu kwa sentimita chache juu ya kioo hicho kwa kuilaza kwenye fremu ya kadibodi, ili vidoa vya kioo visionekane. Zima taa za chumba, piga picha kwa simu yako ukiwa umeisogeza karibu bila kutikisika, kisha tumia programu ya kuhariri picha kugeuza rangi. Uso uliokuwa mweusi kwa weupe utarudi kama ulivyokuwa siku ile. Andika jina la mtu na mwaka palepale, kabla wanaomkumbuka hawajaisha.